Masikio Yangu, Shauri la Kanisa Zima

Masikio yangu yalitobolewa na shangazi wa mjini, dada ya baba, likizo moja nikiwa bado shule ya msingi. Yeye aliolewa kwa Wakatoliki, na kwake msichana asiye na vipuli alikuwa hajamaliza kuvaa. Kwetu Manga sisi ni Wasabato na vipuli havivaliwi. Mama alivitoa siku ileile niliporudi, lakini matundu yalikataa kupona. Makovu yakavimba, yakawa madonge mawili, yakakua pamoja nami mpaka yakalingana na ndimu.

Mama alisema ni adhabu ya Mungu. Alilisema hilo mara moja tu, na tangu hapo hakuyagusa masikio yangu. Wengine wakaendelea kusema kwa niaba yake.

Nilichuma chai nimejifunga kitambaa kichwani, nikaolewa nimejifunga kitambaa. Madonge yaliwasha na kuuma, kwa hiyo nililala chali, hata nikiwa mjamzito. Mume wangu alizoea kuzungumza nami akitazama dari. Na kila niliyekutana naye alikuwa na dawa: utomvu wa mgomba, dawa ya meno, maombi. Nilichoka kushukuru.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji Kisii. Daktari alinionya kwamba makovu ya aina hii hupenda kurudi, akataka niwe naenda kudungwa sindano za kuyazuia. Nilienda mara mbili, chai ikakomaa shambani, nikaacha. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Vidonda vilipokauka nililala ubavu, nikaamka jua limepanda, watoto wakidhani naumwa. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kanisani hawakuniacha nifurahi. Sabato niliyoingia kichwa wazi, mama mmoja alinivuta pembeni.

"Dada, umekatwa ndio uvae vipuli?"

"Nimekatwa ndio nilale," nikamwambia.

Hakuniamini. Wiki iliyofuata mahubiri yakawa juu ya wanaojirembesha, na shingo zikageuka kunitazama. Walewale walionihurumia nikiwa na madonge sasa walinishuku kwa kuyatoa. Hata hasira sikuwa nayo tena, nilitaka tu kwenda nyumbani.

Kisha sikio la kushoto likaanza kuwasha. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwa mama, tunamenya ndizi za kupika. Nilipapasa nyuma ya sikio, nikaweka kisu chini.

"Mama, siwezi kuanza upya. Nimechoka."

Alinawa utomvu mikononi, akajipangusa kwa leso, akaja kunikalia karibu. Akalishika sikio langu kwa vidole viwili, akalibonyeza taratibu.

"Limerudi," akasema. "Lakini ni kadogo."

Nilingoja habari ya Mungu.

"Hizo sindano wanadunga siku gani?" akauliza. "Tutaenda na wewe."