Kamera Niliyoichagua kwa Macho

Ipo siku moja, mwanangu Zuhura, ambayo ningefurahi kama ningeisahau, lakini ndiyo hiyo inayonijia kila nikiona kamera. Imenijia tena juzi ulipokuja hapa Sofu kutoka kwako Pangani, hii ya hapa hapa Kibaha, mtoto mgongoni, ukanionyesha kwenye simu picha za kamera tatu ndogo za video. Ukaniuliza, "Baba mkubwa, ninunue ipi? Nataka ya nyumbani tu, mtoto anaanza kusimama." Nikakujibu kwamba nimechoka, tutazungumza siku nyingine, nawe ukaondoka umenuna kidogo. Sikuwa nimechoka. Nilishikwa na aibu ya zamani. Leo nimeamua kukuandikia, maana karatasi hainikatizi kama wewe unavyonikatiza.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi hapa Kibaha, na nilijiona najua kila chombo chenye betri. Nilikwenda Kariakoo kununua kamera ya video. Muuzaji aliweka mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nene, haina mvuto wowote, ila ilikuwa na tundu la kuchomeka maiki na jingine la spika za masikioni. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, inaenea kiganjani, na ilikuwa na uwezo wa kuvuta vitu vya mbali ambao nilikuwa sijawahi kuuona. Muuzaji akaniuliza nitarekodi nini hasa. Nikamwambia kila kitu. "Kama ni watu wanaozungumza, mwalimu, chukua hii nyeusi," akasema.

Nikamwona anataka kuniuzia mzigo uliomkalia dukani. Kumbe maskini alikuwa mtu mkweli, na sijapata tena nafasi ya kumwomba radhi. Niliielekeza ile ya fedha ghorofani, upande wa pili wa barabara, nikavuta, nikavuta, mpaka nikaona vifungo vya shati lililoanikwa kwenye kamba. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Sikurekodi hata neno moja la mdomo wangu nikalisikiliza. Niliichagua kwa macho, nikaondoka nayo.

Sasa nikueleze jambo ambalo huenda baba yako hajakueleza vizuri. Mimi na yeye tumechangia baba tu. Bibi yako uliyemjua alikuwa mama yake yeye, akanilea kidogo, lakini si aliyenizaa. Mama yangu aliitwa Mwantumu. Alifariki sijajua hata kuongea sawasawa, akazikwa kwetu Kisarawe, kwenye makaburi ya ukoo, kule nyuma ya shamba la mihogo. Aliyenilea hasa ni Shangazi Mwanamvua, dada mkubwa wa baba. Ule mkono wake mzito nilioukimbia utotoni ndio ulionilisha.

Makaburi yetu hayakuwa na maandishi. Yalikuwa na mawe, na mengine yana bakuli lililopasuka lililowekwa kichwani pa marehemu. Kila mwezi wa Shaabani tulikwenda kufyeka majani, tunawaombea dua wote kwa pamoja, tunarudi. Nikiwa mdogo niliambiwa mama yako yupo hapa, nami nikaridhika na hiyo "hapa". Nilipokua niliona aibu kuuliza jiwe ni lipi. Mtu mzima na ndevu zake anaulizaje alipolala mama yake? Nikawa najiambia kwamba Shangazi yupo, anajua, siku moja nitamuuliza.

Mwaka ule macho ya Shangazi yalikuwa yanakwenda. Wenzake waliokuwa wakiyajua makaburi walikuwa wameshaingia humo humo. Akanitumia salamu: njoo na hicho kidude chako, niseme nani amelala wapi, nisije nikaondoka nao.

Nilikwenda. Nilimkuta amevaa khanga mpya na amejitia wanja, mwanamke yule ambaye hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Nilipomwamkia hakuitikia marahaba mpaka alipoishika kamera na kuigeuzageuza mikononi.

"Hiki kinasikia?" akaniuliza.

"Shangazi, kinaona mpaka Dar es Salaam."

"Sikukuuliza kuona."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Binti yake Mwamvita, dada yangu, alikuwa amekuja na daftari jipya na kalamu ili aandike majina. Nikamwambia aliweke, siku hizi watu hawaandiki, kamera inachukua kila kitu. Akaliweka kwapani. Hebu fikiria, Zuhura, mtu amekuja na kalamu, mimi nikamzuia.

Tulipofika makaburini sikuingia. Nilisimama kwenye ukingo wa mihogo, mbali kabisa, kwa sababu nilitaka wote waone jinsi kamera yangu inavyovuta. Kule juu Kisarawe upepo wa asubuhi unajua kazi yake, na siku hiyo ulikuwa unapiga majani ya mihogo na mikorosho bila kupumzika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto darasani kwamba sauti hufifia kadiri unavyokaa mbali nayo. Niliwachorea na picha ubaoni.

Shangazi akaanza kutembea na fimbo yake, jiwe moja baada ya jingine, anaonyesha, anasema. Kila baada ya jiwe alinigeukia. "Sogea," akaniita kwa nguvu. "Mbona umesimama huko kama mtu aliyekuja kuuliza njia?"

"Wewe sema tu, Shangazi, nakuona vizuri."

Kuna mahali alisimama kwa muda mrefu kuliko kwingine. Aliniita kwa mkono, mara mbili. Kwenye kioo cha kamera niliona macho yake yamejaa maji, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa kupata picha nzuri namna ile. Badala ya kwenda nilivuta zaidi, mpaka uso wake ukajaa kioo chote. Akazungumza, tena kwa muda. Kisha akatikisa kichwa, akaendelea na wengine.

Tulipomaliza aliketi kwenye mkeka, akaomba nimwonyeshe. Kioo hakukiona. Akaiweka kamera sikioni kama simu, akasikiliza. "Haisemi," akasema. Nikamwambia spika yake ni ndogo, nikifika nyumbani nikiiunganisha kwenye televisheni itasema yote. Akanirudishia.

Kesho yake mchana, nikitoka shuleni, niliiunganisha. Picha ilikuwa safi ajabu. Unaona kila kunyanzi la uso wa Shangazi, unaona wanja, unaona mapengo ya meno, unaona midomo inavyokwenda. Lakini sauti ilikuwa upepo mtupu, kama mvua kubwa juu ya bati. Nilifungulia mpaka mwisho. Neno la Shangazi hata moja halikushikika. Sauti pekee iliyosikika vizuri ilikuwa yangu mimi niliyeishika kamera, nikisema, "Wewe sema tu, Shangazi, nakuona vizuri." Na kwa kuwa nilikuwa nimeuvuta uso wake peke yake, ardhi haikuonekana. Pale alipolia huwezi kujua alikuwa amesimama kwenye jiwe lipi.

Mpaka hapo, mwanangu, kosa lilikuwa dogo. Kutoka Kibaha hadi Kisarawe si safari ya kuaga watu. Ningerudi Jumamosi, nikaketi miguuni pake, akarudia. Lakini jioni ile alinipigia kwa simu ya Mwamvita. "Mwalimu, imechukua vizuri?" akauliza. Nilikumbuka majigambo yangu yote mbele za watu, nikaona nitachekwa ukoo mzima.

"Vizuri sana, Shangazi," nikamwambia. "Kila neno."

Nikasikia anashusha pumzi. "Basi, mzigo nimeutua," akasema. "Sasa hata nikiitwa, niko tayari."

Nilijipa moyo kwamba likizo ikifika nitakwenda na kamera ya kuazima, nitamzungusha maneno mpaka aseme tena bila kujua. Likizo ikaja na kusahihisha mitihani. Ikaja masika, barabara ikaharibika. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa za kweli, ndiyo maana zilinilaza usingizi. Baadaye niliambiwa kwamba Mwamvita alimfuata siku moja na lile daftari, akitaka waandike angalau majina, na Shangazi akamfukuza. "Usinichoshe, Mwalimu anayo yote." Alifariki kabla ya Shaabani nyingine kufika. Tulimzika kule kule, na kaburi lake tukaliandika kwa saruji.

Hata msibani sikusema. Mwamvita aliniuliza ile video tutaiangalia lini, nikasema ngoja machozi yakauke. Nilimjibu hivyo hivyo miaka mingi, kwa maneno tofauti. Nikiwa peke yangu nyumbani nilikuwa naifungulia, nazima sauti, natazama midomo. Nilitafuta mahali inapofumba kwa "Mwantumu". Kuna mahali naona kama inafumba. Nikiangalia tena, sioni.

Kisha ikaja barabara mpya ya kupita kwetu. Watu wake walikuja kwa adabu, wakatuita, wakasema makaburi yatahamishwa kwa heshima zote, ila kila ukoo utaje waliolala pale ili waandikwe. Hapo ndipo Mwamvita alipowaambia kwa ujasiri, "Kaka yangu anayo yote kwenye kamera." Wote wakanigeukia. Nikamwomba tusogee pembeni, nikamweleza ukweli tangu mwanzo.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliingia ndani, akatoka na daftari lile lile, jalada limepauka, akaliweka mapajani mwangu. Nilipolifungua niliona ukurasa wa kwanza umeandikwa juu, kwa mwandiko wake wa ujana, "Majina ya wazee wetu". Chini yake hakukuwa na kitu.

Makaburi yalikuwa kumi na mawili. Tuliweza kutaja matano, na la Shangazi likiwa ndani ya hayo. Siku ya kuhamisha, sheikh alisoma dua, masalia yakafungwa sanda mpya, na afisa mwenye fomu alikuwa anauliza jina kila tulipofika. Kwenye yale saba alinitazama kwa huruma. "Tuandike nini, mzee?" Mwamvita akajibu kwa niaba yangu kwamba aandike ndugu yetu. Akaandika hivyo mara saba. Mmoja wa wale saba alikuwa mama yangu, na nilimbeba au nilimwacha abebwe na mtu mwingine, sijui. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, mwanangu. Nikienda kuzuru natoa salamu kwa wote saba, kwa sababu siwezi kumchagua mmoja.

Sasa tuje kwenye kamera yako. Kati ya zile tatu, iache ile ambayo tangazo lake linasifia kuvuta. Nyumbani hakuna kitu cha kuvuta, kila unayempenda yuko hatua mbili kutoka ulipo. Chukua ile ya katikati, yenye tundu la maiki na la spika za masikioni, tena inayoweza kuchukua chumba kizima bila wewe kurudi nyuma mpaka ukutani. Uhakikishe betri yake inapatikana hata miaka ijayo, na unachorekodi ukihifadhi mahali pawili. Ukiwa dukani mwombe muuzaji azungumze, umrekodi, usikilize papo hapo. Akikuuliza utarekodi nini, mjibu kwa ukweli.

Lakini hata kamera nzuri hushikwa na mtu, na mimi ningeweza kuiharibu ile nyeusi pia kwa kiburi changu. Basi, ukiitwa usogee, sogea. Mtu akija na kalamu, mwache aandike. Usiondoke mbele ya aliyezungumza kabla hamjasikiliza pamoja alichosema. Na ikitokea umeharibu, sema siku hiyo hiyo, mwenye maneno angali hai, acha wakucheke. Mimi nilikwepa kicheko cha siku moja, na Shangazi akafa akiamini jambo ambalo halikuwepo.

Ukishainunua, ije kwanza hapa Sofu kabla ya kumrekodi mtoto. Ninayo machache ninayoyajua kwa hakika, kuhusu babu yako, kuhusu Shangazi, kuhusu hayo matano. Njoo na Mwamvita na daftari lake. Uketi karibu yangu mpaka magoti yagusane, na nikimaliza tusikilize wote. Ukikuta hamna sauti, usinionee haya. Niambie nirudie, bado nipo.

Mungu amsimamishe mtoto wako kwa miguu yake, akuzidishie uhai wa kumsikia akikuita mama. Nami siku nitakapolala, akujalie ujue nimelala wapi.