Kilio cha Ng'ambo ya Mto

Ipo siku moja iliyonikaa rohoni hadi leo, mwanangu Pacifique, na nisingeisema kama nisingekuona Jumanne pale Gare du Nord, kituo cha treni cha hapa Brussels. Ulikuwa umesimama chini ya zile ofisi ndefu, kadi ya kazi shingoni, unakula mkate huku unatazama simu. Mimi nilikuwa nimeshapata habari. Dada yako alinipigia kutoka Bukavu kunieleza kwamba mama yenu amefariki, rafiki yangu wa tangu tulipokuwa wasichana Kadutu. Nilipokushika mkono kukupa pole, uliangalia huku na huku kama mtu anayeogopa kuonwa.

Nikakuuliza matanga yatakaa kwa nani.

"Maman, mwili iko kule Bukavu. Huku tutalilia nini? Donc miye nitafwata mazishi samedi ku téléphone, basi."

"Na watu? Umewaambia?"

"Bon, kila muntu iko na mambo yake, maman. Sitaki kusumbua watu."

Sikubishana nawe, maana kituo cha treni si mahali pa kumgombeza mtu aliyefiwa. Nimekaa na maneno yako siku mbili, na sasa nakuandikia. Vijana wengine wa huku wakiyasoma, sawa, najua hauko peke yako.

Baba yangu naye alifariki Bukavu nikiwa hapa. Nilikuwa na umri kama wako, makaratasi yangu ya ukaazi hayajatoka, na ningeondoka nisingeweza kurudi. Habari ilinifikia kwa simu asubuhi. Nilipiga pasi nguo zote nilizokuwa nazo, hata mataulo, kisha nikaenda kazini. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikinyamaza, kile kifo kitabaki kulekule Bukavu, na mimi nitabaki huku na maisha yangu. Jumapili, kanisani, mtu akaniuliza baba hajambo. Nikajibu hajambo.

Miaka ikapita. Makaratasi yakatoka, nikaanza kazi ya kutunza wazee majumbani. Mmoja wao alikuwa mjane wa mtaa wa Etterbeek, nitamwita Madame tu, mwanamke mkaidi mwenye magoti mabovu. Marehemu mumewe alimwahidi tangu ujana kwamba siku moja watakwenda Nepal kuona bonde la Kathmandu, na kama wanaume wengi alikufa ahadi ikiwa bado mdomoni. Watoto wakamwambia mama yao amezeeka, atulie nyumbani. Akakasirika, akajiandikisha kwenye safari ya kikundi, akaniambia nitakwenda naye kumshika mkono. Mimi, ambaye nilikuwa sijafika hata Ostende kuona bahari, nikajikuta ndani ya ndege ya kwenda milimani.

Bonde lenyewe limezungukwa na milima pande zote, hata nikakumbuka kwetu, ila ziwa halipo. Kiongozi wetu alikuwa kijana aitwaye Suresh, mwenye Kifaransa safi kuliko changu. Alitupandisha kilimani kwenye mnara mweupe wa Wabudha, ambao juu yake pamechorwa macho makubwa yanayotazama pande zote nne. Alitufundisha kuuzunguka tukiuweka mkono wa kulia, na kuzungusha mapipa madogo ya shaba yenye sala ndani yake. Tumbili wakamwibia Madame biskuti, akacheka hadi akalazimika kukaa. Kando ya mnara huohuo kuna kihekalu cha mungu wa kike, na humo Wabudha na Wahindu wanaingia pamoja kuwaombea watoto wao afya. Mimi ni Mkristo, sikwenda kuabudu, lakini niliipenda ile namna yao ya kutosukumana. Kwenye mji wa Patan nikaona madirisha ya mbao yaliyochongwa kwa uvumilivu ambao sisi wa leo hatunao. Mpaka hapo nilikuwa mtalii mzuri.

Siku iliyofuata Suresh alitupeleka Pashupatinath, kwenye hekalu kubwa la Wahindu kando ya mto mwembamba uitwao Bagmati. Asiye Mhindu haingii hekaluni, kwa hiyo wageni huketi kwenye ngazi za mawe ng'ambo ya pili na kutazama. Kinachotazamwa hapo ni watu wakiwachoma wafu wao.

Waliuleta mwili wa mzee mmoja juu ya machela ya mianzi mibichi, umefunikwa kitambaa cha manjano na maua. Miguu yake wakailowesha mtoni. Mtoto wake wa kiume wa kwanza alikuwa amenyolewa nywele zote, amevaa shuka jeupe, peku. Akazizunguka kuni mara tatu, kisha akaweka moto mdomoni mwa baba yake. Suresh alitueleza yote kwa sauti ya upole, kila kitu na maana yake, na kikundi chetu kikapiga picha. Bwana mmoja wa Namur akawaomba waliokuwa mbele wainamishe vichwa, wanamziba.

Wewe umezaliwa Bukavu, unajua. Kwetu mtu hapiti kwenye kilio akaendelea na safari yake. Hata kama humjui marehemu, unaingia, unampa mfiwa mkono, unakaa kidogo, ndipo unaondoka. Na sisi tulikuwa tumeketi mbele ya macho ya mfiwa, tunakunywa maji ya chupa. Nikahisi aibu mwili mzima. Nikamuuliza Suresh tutawapaje pole.

"Hatuvuki," alisema. "Sisi tunatazama kutoka hapa."

Nilimwachia Madame mkoba wangu, nikavuka daraja. Nilidhani nafanya adabu tu, kama ningefanya mtaani kwetu. Lakini nilipomkaribia yule kijana wa shuka jeupe, machozi yakaanza yenyewe, na kabla sijajua nilikuwa nalia kwa sauti kama wanavyolia mama zetu, nimenyoosha mikono yote miwili kumkumbatia. Nilikuwa naita, "Papa, papa wangu." Watu wakageuka. Kule ng'ambo kamera nazo zikanigeukia mimi.

Mzee mmoja akaingia kati yetu, akanyoosha fimbo kunizuia. Suresh akafika mbio, anahema, hasira zimempanda. Akanieleza kwamba mtoto wa marehemu akishavaa lile shuka jeupe hashikwi na mtu yeyote siku zote za msiba. Anakaa peke yake, anajipikia mwenyewe, na anayemgusa anamharibia wajibu wake kwa baba yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimekaribia kumtia doa mtoto wa watu katika siku ya mwisho aliyobaki nayo na mzazi wake.

Yule mzee alikuwa mdogo wa marehemu. Akamsemesha Suresh, na Suresh akatafsiri shingo upande.

"Anauliza umefiwa na nani."

Nikasema baba yangu.

"Nani alimlilia?"

Nikasema ndugu zangu walimlilia, nyumbani.

"Anauliza wewe."

Nikasema mimi nilipiga pasi nguo, mwanangu, nikaenda kazini. Mzee hakunihurumia. Aliongea taratibu, na Suresh akanipa maneno yake moja baada ya jingine.

"Kaka yangu ana mtoto wake hapa wa kumlilia. Usimlaze baba yako juu ya kuni za kaka yangu. Rudi kwa watu wako, ukae nao, umlilie wa kwako."

Kisha akanionyesha kwa fimbo jiwe moja, mbali kidogo na moto, na akaniacha nikae hapo hadi moto ulipotulia. Wenzangu walipelekwa kununua shanga. Ndani ya basi Madame alinirudishia mkoba wangu, akanishika mkono mpaka hotelini, yeye ambaye mimi ndiye niliyechukuliwa kumshika.

Niliporudi Brussels niliita watu kwa matanga ya baba. Usidhani mambo yalikwenda vizuri. Wengine walisema nimechanganyikiwa, maana mtu gani anaita kilio miaka imeshapita? Wachache waliokuja hawakujua waseme nini. Wakala, wakaimba nyimbo mbili, wakaangalia saa. Hakuna hata mmoja aliyemjua baba. Alikuwapo mzee mmoja mjini Liège aliyesoma naye, ambaye angeweza kutusimulia alivyokuwa kijana, alivyocheka, na kwa nini aliitwa jina la utani ambalo mimi nalijua ila sijui lilitoka wapi. Mzee huyo naye alikuwa ameshazikwa. Nililia, ndiyo, lakini kama mtu anayekula peke yake chakula kilichopoa. Mpaka leo kuna sehemu ya baba yangu ambayo haijazikwa, na naihisi hasa mwezi wa kumi na moja, mvua ya huku inapoanza na haitaki kwisha. Sitakudanganya kwamba inapona.

Ndiyo maana nilipokuona na ile simu mkononi, nilikuona umekaa kwenye zile ngazi za mawe.

Jumamosi utaona jeneza. Utaona dada zako wanashikiliwa wasianguke, utamsikia padri nusunusu, mtandao utakatika, utarudi, na watakuwa wameshafukia. Kisha utaiweka simu mfukoni. Hakuna atakayekupa mkono. Jumatatu mwenzako wa kazini atakuuliza kama wikendi ilikuwa nzuri, nawe utasema nzuri, kama mimi nilivyosema baba hajambo. Neno dogo kama hilo ukishalisema mara ya kwanza, mara ya pili ni rahisi zaidi, na hivyo hivyo mpaka unashindwa kurudi nyuma.

Sikukatazi kutazama. Ndege hazipatikani, njia ni mbaya, najua hali ya kwetu ilivyo. Nakukataza kutazama peke yako. Mfiwa wa kule Nepal hashikwi, na kwao ndiyo heshima, kwa sababu ndugu zake wote wamesimama pale wanamlinda. Wewe ukikaa peke yako chumbani kwako Etterbeek hakuna anayekulinda. Kwetu mfiwa anashikwa. Anapewa mkono na kila anayeingia, analetewa chai asiyoitaka, anasimuliwa habari za marehemu mpaka anacheka bila kupenda. Na usiniambie hutaki kusumbua watu. Sisi tuliobaki nawe huku, kazi yetu ni kusumbuliwa siku kama hiyo.

Basi sikiliza nilichofanya bila ruhusa yako. Kanapé, lile kochi refu, nimeshaitoa sebuleni kwangu Saint-Josse. Viti vinatoka kanisani, na jirani yangu wa chini, Mturuki, nilipomweleza kwamba Jumamosi tutalia kwa sauti, alisema ataleta vya kwake pia. Maman Espérance anapika sombe, kisamvu cha kwetu. Nimewaambia watu wawili tu, na sasa wanajua wote, unawafahamu. Wapo watatu waliomjua mama yako sokoni, na mmoja anakumbuka siku alipomfukuza polisi kwa mwiko. Hiyo hujawahi kuisikia. Uisikie sasa, wakati wenye kuisimulia bado wapo.

Lete picha yake, ile ya kitambaa cha kijani kichwani. Lete na simu yako, tutaiweka mezani kando ya mshumaa, mazishi tuyaone sote.

Ukikataa kuja, sitakulazimisha. Nitamlilia mimi, na nitamlilia vizuri, kwa sababu nilimpenda. Lakini mimi nilikuwa rafiki yake tu. Kilio cha mtoto wake sina, na hakuna wa kunikopesha.

Mungu ampokee mama yako, aipumzishe ile miguu iliyopanda kilima cha Kadutu kila asubuhi na mzigo kichwani. Wewe akupe machozi yako mapema, pamoja na watu wa kukaa nawe mpaka yakauke. Akulinde usizeeke na maiti kifuani kama mimi, mwanangu. Nenda na amani, na Jumamosi uje nayo kwangu.