Siku Nilipoamia Ndege wa Kwenye Simu

Nyie chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Mofu hata mtoto wa chekechea akiniona anapiga kelele za kufukuza ndege halafu anakimbia, na mama yake badala ya kumkemea anageuka pembeni nisione anavyojikaza asicheke. Mtu mzima mimi, ndevu zimejaa, siku hizi dukani naenda wakati wa mvua ili nisikute watu. Lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko huko lilikoongezwa chumvi (ingawa, kusema kweli, halihitaji chumvi).

Kisa chenyewe ni sanamu, na si ya miti na matambara, ni ya kwenye simu. Kuna mchezo vijana wengi wa Ifakara mjini wanaucheza, una kijiji kizima humo ndani, mashamba, mito, masoko, na kuna vitu vya kukusanya ambavyo kila kimoja kina namba yake na mwenyewe wake, hukuti kingine kama hicho duniani. Nikampa jamaa mmoja wa mjini spika yangu kubwa, naye akanihamishia sanamu ya kutishia ndege, imevaa kanzu nyekundu na pama. Mama alipouliza spika iko wapi nikamwonyesha ile picha. Akaiangalia, akaniangalia na mimi, akarudi jikoni.

Kwa muda mrefu ilikuwa picha kweli, kazi yake kutazamwa tu, hadi wenye mchezo walipotangaza kwamba sasa vile vitu vitafanya kazi: ukiisimika sanamu shambani kwako mle mchezoni, inaamka kwa sauti ya mwenyewe, ukipiga kelele inarusha mikono na ndege wanakimbia, ukinyamaza inalala. Na Jumapili moja asubuhi kungekuwa na shindano, na sanamu zitakazolinda vizuri zitapewa uwezo wa kufanya kazi hata kwenye michezo mingine. Nikasema leo ni leo.

Sasa Jumapili hiyohiyo mjukuu wa Mzee Kalisti, jirani yetu wa shamba, alikuwa anapata kipaimara parokiani, na karibu kila mtu anakwenda. Mpunga ulikuwa unatia maziwa, wakati ambao kwelea kwelea, vile vindege vya makundi, ukiwapa asubuhi moja wanafyonza wanakuachia mapepe, maganda matupu. Majaruba yetu ya mpunga na ya Mzee yamepakana, kwa hiyo tunaamia kwa zamu, mmoja analinda ya wote. Zamu haikuwa yangu. Ila juu ya dungu (lile jukwaa la miti tunalokaa kufukuzia ndege) ndipo pekee mtandao unaposhika vizuri, basi nikamwendea Mzee, mpole kama mtawa.

"Shikamoo mzee. Nyie nendeni kanisani, mie nitabaki kuamia."

"Marahaba mwanangu. Mungu akubariki sana," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na mama yangu, ambaye tangu baba afariki anautegemea mpunga ule kwa chakula cha mwaka mzima, alitabasamu mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Nilipanga (nawaapia) simu niipe jicho moja na shamba jicho lingine. Nikapanda, nikavaa hedifoni, lakini jua lilikuwa linapiga kioo sioni kitu, nikageukia upande wenye kivuli, mgongo nikaupa mpunga. Ndege wa mchezoni wakashuka. "Hoyaaa! Toka! Toka hapo!" Sanamu yangu ikaamka, jamani, inarusha mikono, kanzu inapepea, na mimi napaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama, wakija wengine naanza upya. Mtu yeyote wa bondeni anajua kwelea hawaogopi mdomo, kelele lazima ifuatane na kombeo na donge la udongo, la sivyo wanakuzoea wanakula huku wanakusikiliza. Kombeo langu lilikuwa nimelikalia. Na desturi yetu, shamba likiwa kimya aliye karibu hukimbilia kusaidia, lakini la kwangu halikuwa kimya hata dakika moja. Walioamia mashamba ya jirani waliniambia baadaye, "Tulikusikia Deo, tukasema leo kijana kaamua."

Shindano lilipoisha sanamu yangu ilikuwa miongoni mwa washindi. Nikasimama juu ya dungu nikawapigia kelele wenzangu wa mchezoni, "Nimeokoa shamba lote! Hata punje moja hawajala!" Nikageuka.

Chini yangu walikuwa wamesimama Mzee Kalisti, mjukuu wake na gauni lake jeupe, katekista, wageni kutoka kijiji cha Mbingu, na mama yangu ameshika sahani ya pilau iliyofunikwa, wameniletea mlinzi wao chakula. Nyuma yao kwelea waliinuka jarubani, mpaka kivuli chao kikatupita.

"Punje ya wapi, mwanangu?" akauliza Mzee, taratibu.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikashuka nikamwonyesha simu. "Mzee, si unaona, ni hii sanamu, sasa hivi itafanya kazi popote..."

"Popote? Na hapa?"

Mgeni mmoja akacheka, wengine wakafuata, katekista mwenyewe akainamisha kichwa mabega yanatetemeka. Kisha Mzee akachuma suke, akaliminya kwa ukucha. Halikutoa maziwa. Akachuma lingine. Kicheko kikafa.

Mama hakunitukana, na heri angenitukana. Tulirudi nyumbani naye mbele, mimi nyuma na sahani ya pilau ambayo hakuna aliyeigusa, na alipoongea hakugeuka.

"Tangu tunavuka daraja nilikuwa naisikia sauti yako. Nikawaambia wenzangu, mnamsikia huyo? Huyo ni mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi nayo ina kazi zake. Tulivuna mapepe, na Mzee Kalisti vilevile, na naumia nikikumbuka anavyoitikia shikamoo yangu sasa, anaitikia tu na kupita. Nimeapa sitapanda tena dunguni na simu, na kiapo hicho nakitimiza bila taabu yoyote, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyeniita tena kuamia.