Gauni la Muuza Uji

Mwaka ule Ramadhani na Krismasi zilikaribiana. Mimi nilikuwa na cherehani niliyorithi kwa shangazi, na chumba cha uani Kariakoo ambako hakuna mteja aliyejua kama nipo. Mafundi wote niliowafahamu walikuwa wanaume, wamekaa mbele ya maduka ya Mchafukoge. Nilijua nashona vizuri kuliko nusu yao. Nilichokosa ni kuonekana.

Basi nikamwendea Mwarabu mwenye duka la nguo mtaani kwetu, mzee mpole aliyekuwa na majora ya kitambaa cha maua yaliyododa tangu masika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu."

"Nipe baraza yako mpaka sikukuu. Anayenunua kitambaa kwako namkatia bure, hapo hapo. Kushona ndiko atakakonilipia."

Alinitazama kidogo. "Mwanamke kushona barazani? Watu watasema."

"Waje waseme. Wakija, watakiona na kitambaa chako."

Akacheka, akaingia ndani kunitafutia kiti.

Mwanzoni walikuja watazamaji watupu. Fundi wa ng'ambo ya barabara, kila nilipokanyaga cherehani, alipaza sauti kwamba Idi hii watu watavaa magunia. Mimi nilikuwa namuwaza muuza uji.

Alikuwa mama mnene, mwenye maneno, aliyekaa karibu na lango la soko. Kila alasiri wanawake waliotoka kununua mihogo na tende za futari walisimama kwake kuchukua uji. Nilimpima mbele yao, na baada ya siku chache nikampelekea gauni la kile kitambaa cha maua.

"Mwenzangu, sina cha kukulipa," alisema.

"Livae ukiuza. Ukiulizwa, sema limeshonwa wapi. Malipo yangu ndiyo hayo."

Hakungoja kuulizwa. Jioni ile ile alilivaa, akashika mwiko, akakoroga chungu kwa nguvu zake zote, kisha akanyanyua mkono wanawake waone kwapa.

"Tazameni. Magauni ya mafundi wengine wote, nikikoroga mara mbili, hapa pamechanika. Huyu wa barazani kwa Mwarabu ni mwanamke, anaujua mwili wa mwanamke."

Maneno hayo mimi nisingeyapata. Kesho yake baraza ilijaa. Walikuja kina mama na binti zao. Wakaja wanawake wa majumba ambamo waume hawakutaka wake zao waguswe na fundi mwanamume. Hao niliwapima ndani ya duka, nyuma ya pazia. Wakafuata wake za makarani, wakitaka magauni ya kuendea kanisani Krismasi. Hata mke wa yule fundi wa ng'ambo alikuja, akipitia mlango wa nyuma, na nikamshonea kwa uangalifu kuliko wote. Majora yakaisha, mzee akaagiza mengine. Idi ilipokaribia nikawa nawarudisha watu, na wengine nikawaelekeza kwa fundi yule yule. Aliwapokea, akawapima.

Asubuhi ya Idi nilikwenda Mnazi Mmoja. Uwanja mzima ulikuwa maua. Nilitembea polepole katikati ya watu, nikikagua kola na mikono, nikiyatambua magauni yangu hata kwa nyuma. Moja pindo lake lilikuwa limekaa upande. Nilimpa mwenyewe mkono wa Idi, nikamwambia sikukuu ikiisha aniletee nilirekebishe.