Snapshoti Kumi na Saba na Zamu za Maji

Chama cha wakulima wa mpunga kule tambarare, njia ya kwenda Kahe, kiliniajiri nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti kimoja cha kompyuta. Nyumbani kwetu ni Old Moshi, kwa hiyo zamu za maji hazikuwa ngeni kwangu. Nilikua nikitumwa kuangalia kama mfongo, mfereji wetu wa kuchimba kwa jembe, umefunguliwa upande wetu wa migomba. Tofauti ni kwamba kule juu mlimani zamu zilikaa vichwani mwa watu, na huku chini zilikaa kwenye kompyuta.

Kila Ijumaa saa tisa alasiri nilitakiwa kubandika mlangoni orodha ya wiki inayofuata: nani anafungulia maji shamba lake, siku gani, kuanzia saa ngapi. Programu iliyopanga orodha hiyo iliandikwa na mtaalamu aliyekwisha kuondoka, nayo ilifanya kazi kwenye Windows ya zamani tu. Kompyuta mpya ilipoletwa, programu ikagoma. Aliyetuokoa ni mwenye duka la kompyuta mjini Moshi, mzee wa Kihindi ambaye baba yake aliwahi kuuza baiskeli katika chumba kilekile. Alitengeneza ndani ya kompyuta mpya mashine pepe, yaani kompyuta ya pili isiyo na umbo lake, inayofunguka kwenye skrini na kuendesha ile Windows ya zamani.

"Kabla hujabadilisha kitu, piga snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine ilivyo," aliniambia. "Ukiharibu, utarudi pale ulipokuwa."

Wiki ya tatu nilifuta kwenye orodha kitalu kizima, yaani kundi zima la mashamba, kwa bahati mbaya. Nikarudi kwenye snapshoti ya asubuhi, na wakulima wote wa kitalu kile wakawa mahali pao. Nilifurahi mno. Tangu siku hiyo nilipiga snapshoti kabla ya kila jambo, hata kabla ya kusahihisha herufi moja ya jina, na sikufuta hata moja.

Ijumaa moja ya msimu wa kupandikiza, saa tatu asubuhi, mashine pepe ilisimama katikati ya kazi. Ujumbe ulisema diski imejaa. Nilifungua folda yake nikakuta faili kubwakubwa, snapshoti kumi na saba. Nikaona dawa ni rahisi: nifute zile za zamani. Nilikuwa nimekwisha kuzichagua nilipokumbuka kumpigia simu mzee wa duka.

"Shikamoo mzee. Diski imejaa. Nafuta snapshoti za zamani."

"Marahaba. Umeshafuta?"

"Bado."

"Toa mkono kwenye kibodi." Niliutoa, akaendelea. "Snapshoti si nakala kamili, binti. Baada ya kila moja, mashine huandika kwenye faili mpya yale tu yaliyobadilika. Faili ya leo inaitegemea ya jana, ya jana inaitegemea ya juzi. Ukiondoa ya katikati kwa mkono wako, hutafungua chochote. Acha programu ya mashine pepe yenyewe izifute. Itaunganisha mabadiliko yote na diski ya msingi. Lakini inahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Una kitu gani kingine humo?"

Nilikuwa na video ya kipaimara ya mdogo wangu, saa nne nzima, pamoja na filamu za wenzangu wa ofisini. Niliona aibu kumwambia, lakini nilimwambia. Hakucheka. Alisema anakuja na diski ya nje.

Wakati namsubiri aliingia mama msimamizi wa maji, mkulima aliyechaguliwa na wenzake kusimamia zamu. Alikuwa na gambuti zenye tope, akazivua mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Orodha imetoka?"

Nilimweleza yote, bila kuficha kwamba kosa ni langu. Alisikiliza hadi mwisho, akavuta kiti.

Mzee alifika na pikapu yake karibu saa sita. Tulihamishia video kwenye diski aliyokuja nayo, tukazima mashine pepe taratibu, kisha tukanakili humohumo folda yake nzima, ili tuwe na pa kurudia umeme ukikatika. Ndipo akaanza kufuta snapshoti kwa programu yenyewe, ya zamani kwanza, moja baada ya nyingine. Mstari wa kijani ulisogea polepole sana.

"Itamaliza saa ngapi?" aliuliza mama.

"Jioni, mama," alijibu mzee.

"Watu wanakuja saa tisa." Alinigeukia. "Lete karatasi."

Akaanza kunitajia, naye ameangalia dirishani, kuelekea mashambani. Alifuata mfereji kutoka kwenye lango kubwa la maji, shamba kwa shamba, akitaja mtu, siku na saa. Mara mbili alirudi nyuma kujisahihisha. Nilijaza kurasa tatu kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, na saa tisa kasoro kidogo karatasi zilikuwa mlangoni. Wakulima walikuja, wakasoma, wakaondoka. Mmoja tu aliuliza kama printa imeharibika.

Kazi iliisha saa kumi na moja. Mashine pepe ikafunguka, orodha ikatoka, na mimi na mama tukailinganisha na ile ya mkono. Zilipishana mahali pawili. Mkulima mmoja kwenye kompyuta alikuwa Jumatatu, kwa mama alikuwa Jumatano.

"Mke wake amejifungua, yuko hospitali," alisema. "Aliniomba tangu juzi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza."

Alisema bila ukali. Mahali pa pili palikuwa na jina lililomo kwenye kompyuta ambalo kwenye karatasi halikuwepo. Lilikuwa lake mwenyewe. Alilitazama muda, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Ningeukausha mpunga wangu," alisema.

Nililiandika jina lake kwenye karatasi ya mlangoni, yeye amesimama pembeni akihakikisha saa.

Baada ya hapo sikuweka tena zaidi ya snapshoti tatu, na kila moja niliipa jina linaloeleza kwa nini ipo. Ikiisha kazi yake, niliiachia programu iifute. Na kila Alhamisi mchana mama alipita ofisini na vitumbua kwenye bakuli. Nilimimina chai, yeye akanieleza nani anauguliwa, nani kasafiri, nani kabadilishana zamu na jirani yake, nami nikaingiza yote kabla hatujamaliza kula. Nilikaa pale miaka minne, na sikumbuki kazi nyingine niliyoiamkia kwa raha kama ile.