Kicheko cha Mama Ngoie

Jumapili moja ya ujana wangu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Mama yenu asisikie.

Hapa Kalemie, katika ukumbi wa parokia, Papa Kisimba, fundi mstaafu wa reli, alituonyesha sinema ya zamani ya Hollywood, ya kuchekesha. Mhudumu wa hoteli anapeleka supu mezani huku akirukaruka, supu inawamwagikia matajiri. Watu walicheka. Mama Ngoie, muuza samaki, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Tangu mumewe afe ziwani upande wa Zongwe, hatukuwa tumemsikia akicheka.

Mwishoni Papa Kisimba akaomba maoni. Nilikuwa nimetoka kusoma Lubumbashi, na debe tupu haliachi kuvuma. Nikasimama.

“Hii filme ni ya bure, haina maana. Muntu anarukaruka tu! Anayeicheka njo hana akili.”

Mama Ngoie aliinama, akakusanya kitenge chake, akatoka.

Papa Kisimba hakunigombeza. Alirudisha mkanda mwanzo, akaniambia, “Kaa. Tazama miguu yake.”

Nikatazama. Soli ya kiatu cha yule mhudumu ilikuwa imeachia, ameifunga kwa kamba. Kila bwana mkubwa wa hoteli alipotazama chini, yeye aliruka, kiatu kisionekane akafukuzwa kazi. Sinema nzima nilikuwa nimeitazama nisikione kiatu hicho!

Asubuhi nilimfuata Mama Ngoie ufukweni, akianika dagaa.

“Mama, unisamehe.”

Aliendelea kutandaza dagaa. “Siku ya kumuzika bwana yangu, nilivaa viatu visivyofanana. Nilificha muguu mumoja nyuma ya mwingine mpaka mwisho wa misa. Ile filme njo iliniambia siko peke yangu. Na wewe ukasema sina akili.”

Alinisamehe, na baada ya majuma kadhaa akarudi ukumbini. Lakini kucheka kwa sauti ile, mwanangu, hakucheka tena.

Baadaye nilimwambia Papa Kisimba kwamba bado sinema ile ilinikera mahali pamoja: mpishi mweusi hakupewa kazi yoyote ila kutoa macho ili achekwe.

“Hapo umesema kweli,” akasema. “Hiyo useme mbele ya wote.”

Nikaisema, na hakuna aliyeinama.

Sasa ninyi mnatoa maoni kwenye simu sinema haijafika hata nusu. Sikwambii unyamaze, penye kasoro paseme. Lakini tazama mpaka mwisho, na kama una hasira, tazama tena. Kisha hukumu kazi, usimhukumu aliyeifurahia, maana kilichomgusa hukijui. Kujikwaa ulimi ni kubaya kuliko kujikwaa dole: dole hupona.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka na maneno yasiyomfukuza mtu, uzeeke vizuri kati ya watu wako.