Mtoto Asiyesumbua

Stara, fundi cherehani wa Kizota, alijivuna kwa wateja kwamba tangu yeye na mumewe wanunue televisheni na video, mwaka 1997, bintiye Shamila hamsumbui kabisa. Hushinda akitazama mikanda ya katuni.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Kondoa. Akamwinamia mjukuu wake wa miaka mitatu, akangoja shikamoo. Shamila akachungulia televisheni kando ya bega la bibi.

“Ana haya, mama,” Stara akadanganya.

“Haya gani? Wenzake kule kwetu wananitukana kabisa. Huyu huwa anaongea na nani?”

Stara akainamia cherehani. Tangu asubuhi alikuwa amemwambia mwanawe maneno mawili tu: kula, na kaa. Akainuka, akazima televisheni. Mtoto akaangua kilio, na Stara, mbele ya mkwewe, hakujua amwambie mwanawe nini.